Kipimo ni Uhai: Ndege Inapopimwa Kipande kwa Kipande

Na Mwandishi Wetu

CHEREHANI ya mama yangu ilivunjika gia. Ni cherehani ya zamani, iliyotushonea sare za shule sisi sote watano, na waliyoitengeneza wameacha siku nyingi kutoa vipuri vyake. Kwa muda wa siku mbili nilikizungusha kipande kile kilichovunjika katika maduka ya vipuri ya jijini Dar es Salaam nisipate mwenziwe. Hatimaye nikaelekezwa kwa mzee mmoja mkereza vyuma, huko Gerezani.

Baada ya shikamoo na marahaba nilimkabidhi kile kipande, nikamwomba anitengenezee kingine “kama hiki hiki”. Mzee alitabasamu. Alivaa miwani yake, akatoa kalipa iliyokuwa imeviringishwa katika kitambaa safi, akaanza kupima. Alipima kipenyo akaandika. Akakigeuza kipande, akapima upande wa pili, akaandika tena. Alihesabu meno, kisha akayapima, safari hii akichagua yale machache ambayo hayakulika.

“Mwanangu,” akaniambia, “ulichoniletea ni gia iliyokwisha kufanya kazi miaka thelathini. Nikikiiga hivi kilivyo, nitakutengenezea gia iliyochakaa. Kazi yangu ni kutafuta ilikuwaje siku ilipotoka kiwandani.”

Msomaji, maneno ya mzee yule yamebeba elimu nzima ambayo leo inawashughulisha mafundi na wahandisi katika karakana kubwa za ndege duniani. Nao huletewa kipande cha zamani: ubavu wa bawa, bawaba ya mlango, au kishikizo cha injini. Nao hutakiwa kukipima na kukijenga upya, kwanza ndani ya kompyuta, kwa umbo kamili la pande tatu, kisha katika chuma. Tofauti ni kwamba gia ya mzee ikikosewa, nguo itashonwa vibaya. Kipande cha ndege kikikosewa, watu hufa.

KWA NINI KIPIMWE KILICHOKWISHA TENGENEZWA?

Huenda msomaji akauliza: je, kiwanda kilichounda ndege hakina michoro yake? Jibu ni kwamba mara nyingi michoro hiyo ipo, lakini mara nyingi pia haipo, au ipo na haitoshi.

Ndege huishi miaka mingi kuliko watu wanavyodhani. Ziko ndege za DC-3, zilizoundwa katika miaka ya 1930 na 1940, ambazo zimeendelea kuruka hadi karne hii. Katika muda kama huo viwanda hufungwa, makampuni huuzwa na kuunganishwa, na makaratasi huliwa na mchwa, maji au moto. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege isiyo na michoro ni mali ya namna hiyo: unaiona mbele yako, unaweza kuigusa, lakini habari zake hazipo.

Aidha, viko vyombo ambavyo haviruki tena lakini ni urithi wa binadamu wote. Mwaka 2013 taasisi ya makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani ilitoa kwa umma kielelezo cha kompyuta cha ndege ya ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, ile iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1903. Ndege hiyo ya miti, waya na kitambaa ilipimwa kwa miale ya leza bila kuguswa. Mtoto aliye mbali na Washington sasa aweza kuizungusha katika kioo cha kompyuta na kuitazama juu, chini na ubavuni, jambo ambalo hata mgeni aliyesimama mbele ya ile yenyewe hawezi kulifanya.

VIPANDE 105,000

Kazi ya kupima ndege iliyo mashuhuri kuliko zote haikutumia kompyuta hata moja. Ilifanyika mjini Moscow mara baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kati ya Julai na Novemba 1944, ndege tatu za Marekani za aina ya B-29 zilishindwa kurudi vituoni baada ya mashambulizi dhidi ya Wajapani, zikatua katika ardhi ya Urusi ya Kisovieti, upande wa Vladivostok. Wakati huo Urusi haikuwa vitani na Japani, hivyo ndege hizo zilizuiliwa. B-29 ndiyo iliyokuwa ndege kubwa ya mabomu yenye maarifa mengi kuliko nyingine zote za wakati huo, na Warusi hawakuwa na mfano wake. Stalin akatoa amri kwa msanifu wa ndege Andrei Tupolev: iigwe, na muda ni miaka miwili.

Ndege moja ilitumiwa kuwafundishia marubani. Ya pili iliwekwa kando iwe kielelezo cha kurejea palipotokea shaka. Ya tatu ilifumuliwa yote. Kila kipande kilichotolewa kilipimwa, kilipigwa picha, kikachorwa na kupewa maelezo yake. Vipande hivyo vilifika takriban 105,000.

Hapo ndipo mafundi walipokutana na adui ambaye hawakumtazamia: inchi. Mabati ya aluminiamu ya ndege ile yalikuwa yamefinywa kwa vipimo vya Kimarekani. Bati lenye unene wa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi lina milimita 1.5875. Viwanda vya Urusi vilitoa mabati kwa kipimo cha milimita. Ukichagua bati jembamba kidogo, bawa linakuwa dhaifu. Ukichagua nene kidogo, ndege nzima inaongezeka uzito na haifiki inakokwenda. Na hapakuwa na jibu moja la kufaa kila mahali. Iliwalazimu wahandisi warudi katika hesabu, sehemu kwa sehemu, kujua ni wapi mzigo ni mkubwa na unene unahitajika, na ni wapi wembamba unaweza kuvumiliwa.

Tarehe 3 Agosti 1947, katika maonyesho ya ndege ya Tushino karibu na Moscow, wageni kutoka nchi za Magharibi waliona ndege tatu kubwa zikipita angani. Wengi walidhani ni zile zile tatu zilizozuiliwa. Kisha ikapita ya nne, ya abiria, yenye mabawa yale yale. Hapo wakafahamu. Ndege hiyo mpya, iliyoitwa Tu-4, iliundwa kwa idadi iliyozidi 800, na uzito wake ulikaribiana mno na ule wa mama yake.

Zipo hadithi kwamba Warusi waliiga hata kiraka kilichobandikwa juu ya tundu la risasi. Ziwe kweli, ziwe zimetiwa chumvi, hadithi hizo zinafundisha jambo lile lile alilolisema mzee wa Gerezani: anayepima bila kuelewa ataiga na kovu.

NUSU MILIMITA NA USHEI

Ili tufahamu thamani ya kipimo katika ndege, na tukumbuke yaliyotokea Uingereza tarehe 10 Juni 1990.

Asubuhi ya siku hiyo ndege ya BAC 1-11 ya shirika la British Airways iliondoka Birmingham kwenda Málaga, Hispania, ikiwa na watu 87. Saa 27 kabla ya safari hiyo kioo cha mbele, upande wa rubani mkuu, kilikuwa kimebadilishwa karakanani usiku. Fundi aliyefanya kazi hiyo alichukua bolti kuukuu mkononi, akaenda nayo mahali pa akiba penye mwanga hafifu, akazilinganisha bolti kwa macho. Zilifanana.

Hazikuwa sawa. Kati ya bolti 90 zilizokishikilia kioo kile, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa, kwa tofauti ya inchi 0.026. Hiyo ni milimita 0.66, yaani unene wa kucha za vidole viwili zikibebanishwa. Sita zilizobaki zilikuwa na unene sahihi lakini zilikuwa fupi.

Ndege ilipofika futi 17,300 kioo kiling’oka. Upepo ukamvuta rubani mkuu kupitia dirishani, mwili wake nusu ukabaki nje ya ndege. Wahudumu walimshika miguu, wakapokezana, mikono ikifa ganzi kwa baridi, huku rubani msaidizi akiishusha ndege peke yake hadi Southampton. Waliomshika waliamini kwamba amekwisha kufa. Hata hivyo hawakumwachia. Alipona, na watu wote 87 walipona.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya usiku ule. Palikuwa na macho yaliyoaminiwa mahali ambapo kalipa ilitakiwa, basi.

KUTOKA WINO HADI KOMPYUTA

Kabla ya kompyuta, umbo la ndege liliandikwa kwa wino na penseli. Kwa vile mabawa na kiwiliwili cha ndege vina mapindo yasiyotoshea katika karatasi ndogo, wasanifu walichora mistari ile kwa ukubwa wake halisi juu ya sakafu ya ukumbi mpana. Desturi hiyo waliirithi kwa waunda meli. Msomaji wa pwani hatashangaa: fundi wa jahazi naye, awekapo mkuku na kusimamisha mataruma, huamua mapindo ya chombo kizima papo hapo mbele ya macho yake. Jahazi hustahimili hitilafu ya upana wa kidole, kwani mbao huchongwa na kalafati huziba palipobaki. Ndege haina kalafati.

Mwaka 1977 kampuni ya Dassault ya Ufaransa, waundaji wa ndege za kivita za Mirage, ilianza kuandika programu ya kompyuta ya kuchora maumbo kwa pande tatu. Programu hiyo iliitwa CATIA, na tangu 1981 ikauzwa kwa viwanda vingine. Boeing waliitumia kusanifu ndege ya Boeing 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 12 Juni 1994. Hiyo ndiyo ndege kubwa ya abiria ya kwanza ambayo sehemu zake zote zilisanifiwa ndani ya kompyuta. Ukihesabu kila skrubu na ribiti, ina vipande vipatavyo milioni 3, na wahandisi waliweza kuona kama kipande kimoja kinagongana na kingine kabla chuma chochote hakijakatwa.

Kielelezo cha namna hiyo ni nini hasa? Fikiri unamwelekeza mgeni nyumba ya ghorofa ya Kariakoo. Utamtajia mtaa, namba ya nyumba, na ghorofa ya ngapi. Kwa mambo hayo matatu atafika mlangoni. Katika kompyuta kila nukta ya kipande cha ndege hutajwa kwa namba tatu: urefu, upana na kimo. Nukta zikiwa nyingi na sahihi, kipande kizima kinasimama ndani ya kompyuta, kinageuzwa, kinakatwa, kinapimwa nguvu, na hatimaye mashine hupewa namba hizo hizo ikakichonga.

Lakini kompyuta haimwondolei binadamu wajibu wake. Mwaka 2006 kampuni ya Airbus iliingia katika matatizo makubwa juu ya ndege yake ya A380, yenye waya za umeme zinazozidi kilomita 500. Wahandisi wa Hamburg nchini Ujerumani walikuwa wakitumia toleo la nne la CATIA, na wenzao wa Toulouse nchini Ufaransa toleo la tano. Michoro haikusikilizana. Vifurushi vya waya vilipoletwa kufungwa ndani ya ndege, vilikuwa vifupi na havikufika vilikotakiwa kufika. Ndege ikachelewa kwa miaka ipatayo miwili, na hasara ikawa kubwa mno. Kipimo kizuri kisichoeleweka na mwenzako ni sawa na kipimo kibaya.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Tuseme sasa fundi amepewa kipande cha bawa, na anatakiwa kukiingiza katika kompyuta. Ataanzia wapi?

Kwanza atakisafisha na kukichunguza. Atatafuta mikunjo, kutu, mahali palipolika, na mahali palipokwisha kufanyiwa matengenezo. Yote hayo atayaandika, maana baadaye lazima yatengwe na umbo la asili.

Pili, atachagua mwanzo. Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Kila kipimo lazima kianzie mahali pamoja palipo imara: uso mmoja ulio bapa, mstari mmoja, na nukta moja. Ukipima matundu kumi yaliyopangana mstarini, kila tundu kutoka kwa jirani yake, na kila mara ukakosea sehemu moja ya kumi ya milimita kwa upande ule ule, utakapofika tundu la kumi utakuwa umepotea kwa karibu milimita nzima. Ukipima yote kutoka mwanzo mmoja, kosa la tundu moja halimwambukizi jirani yake. Fundi mwashi anayetumia timazi na pimamaji toka kozi ya kwanza analijua jambo hili barabara.

Tatu, vyombo. Hata leo kazi kubwa hufanywa kwa kalipa, chombo kinachotumia maarifa aliyoyaeleza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631. Kalipa nzuri husoma sehemu mbili za mia za milimita. Maikromita husoma sehemu moja ya mia, au chini ya hapo. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko kipimo hicho mara kadhaa.

Kwa vipande vyenye mapindo yako mashine yenye mkono unaokwenda katika pande tatu, wenye ncha ya kijiwe cha rubi kilicho mviringo kama shanga. Ncha hiyo hugusa kipande, na kila inapogusa kompyuta huandika namba tatu za mahali hapo. Hata unene wa ile shanga hutolewa katika hesabu, la sivyo kila tundu litaonekana dogo na kila nguzo itaonekana nene.

Njia nyingine ni ya mwanga. Asubuhi, jua linapopenya katika dirisha la vioo vya luva, mistari ya mwanga huanguka sakafuni ikiwa imenyooka. Weka mtungi hapo: mistari ile ile itapinda kufuata tumbo la mtungi. Skana ya mwanga hufanya hivyo hivyo. Hutupa mistari juu ya kipande, kamera zake hutazama jinsi ilivyopinda, na kompyuta hukokotoa umbo. Chuma kinachong’aa hupakwa kwanza unga mweupe mwepesi, kwa sababu mng’ao huyadanganya macho ya kamera.

Njia ya picha nayo inategemea siri ya macho mawili. Mama anayetunga uzi katika sindano, akifumba jicho moja, atapapasa. Macho mawili hutazama kutoka mahali pawili, na ubongo hupima umbali. Vivyo hivyo, ndege hubandikwa alama ndogo ndogo, ikapigwa picha nyingi kutoka kila upande, na kompyuta hulinganisha picha hizo ikapata mahali pa kila alama.

Mwisho wa yote hupatikana mamilioni ya nukta, ambazo mafundi huziita wingu. Na wingu si ndege. Hapa ndipo kazi ya akili huanza. Tuseme wingu laonyesha tundu lenye kipenyo cha milimita 6.37. Je, liandikwe hivyo? Fundi anayejua kwamba ndege ile ilisanifiwa kwa inchi atatambua kwamba robo ya inchi ni milimita 6.35, na kwamba sehemu hizo mbili za mia zimetokana na miaka ya mtikisiko wa bolti. Ataandika 6.35. Skana imemwambia tundu lilivyo. Ujuzi wake umemwambia lilivyokusudiwa kuwa.

JOTO NALO HUDANGANYA

Yuko mwizi mwingine wa vipimo asiyeonekana: joto. Viwanda vya dunia vimekubaliana kwamba urefu wa kitu ni ule kilionao katika nyuzi 20 za Sentigredi. Aluminiamu hutanuka. Boriti ya bawa yenye urefu wa mita 10, ikipimwa mchana wa nyuzi 32, itakuwa imerefuka kwa karibu milimita 3 kuliko ilivyo katika nyuzi 20. Na utepe wa chuma unaoipimia nao hutanuka, ila kwa kiasi cha nusu tu. Basi mpimaji wa nchi zetu za joto, asipoandika kiasi cha joto kando ya kila kipimo, ameandika uongo bila kukusudia.

MKONO AMBAO HAUKUANDIKWA

Liko jambo moja katika habari hizi ambalo nadhani litawagusa wafanyakazi kuliko yote.

Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini kati ya 1968 na 1972, ilinyanyuliwa na injini tano za aina ya F-1, kubwa kuliko injini yoyote ya aina yake iliyopata kuruka wakati ule. Miaka 40 baadaye, wahandisi vijana wa kituo cha NASA cha Marshall, huko Huntsville, Alabama, walitaka kujifunza kutoka injini hizo. Michoro ilikuwapo. Makaratasi hayakuwa yamepotea. Na bado hayakutosha.

Sababu ni kwamba injini zile ziliungwa kwa mikono ya wachomeleaji stadi. Kila mmoja, alipokutana na mahali pagumu, alitafuta njia yake: akaongeza hapa, akapunguza pale, akageuza mfuatano wa kazi. Mengi ya hayo hayakuandikwa katika mchoro rasmi. Yalibaki katika vichwa vya wafanyakazi, nao wakastaafu, na wengine wakafariki dunia. Kwa hiyo vijana wale walilazimika kuzifungua injini zilizohifadhiwa, kuzipima kwa skana ya mwanga, na kujenga vielelezo vya kompyuta, ili kujua wachomeleaji wale walifanya nini hasa. Januari 2013 sehemu moja ya injini hizo, ile inayozungusha pampu, iliwashwa tena kwa majaribio. Ikanguruma.

Angalia basi jinsi dunia ilivyo. Msanifu aliyevaa tai ameacha mchoro wenye saini yake. Mchomeleaji ameacha alama ya mkono wake katika chuma, na ilibidi mashine ya karne nyingine ije kuisoma.

NA SISI?

Wengine watasema habari hizi ni za watu wa mbali. Sivyo. Julai 2018 ndege ya kwanza ya Boeing 787 ya Shirika la Ndege la Tanzania ilitua Dar es Salaam, nayo ni mtoto wa vielelezo vya kompyuta kama tulivyoeleza. Ndege huhitaji mafundi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, hufundisha vijana uhandisi wa matengenezo ya ndege. Mzazi ambaye mwanawe anazichukia hesabu za pembe tatu na sehemu za desimali amweleze kwamba rubani, mhudumu na abiria wote wamekaa juu ya hesabu hizo.

Hata hivyo tusijidanganye. Kukipima kipande cha ndege vizuri, na kukijenga vizuri katika kompyuta, hakumpi mtu ruhusa ya kukichonga na kukifunga. Umbo ni sehemu moja tu. Kuna aina ya chuma, jinsi kilivyopashwa moto na kupozwa, na mizigo kitakayobeba. Hayo kalipa haiyaoni. Ndiyo maana kila kipuri cha ndege huja na hati yake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga husimamia kwamba kisichothibitishwa hakifungwi. Abiria anayelalamika kwa kuwa safari imecheleweshwa kwa ajili ya bolti moja angemkumbuka rubani wa Birmingham, asingelalamika sana.

Ama cherehani ya mama, siku ya tatu nilirudi Gerezani. Gia ilikuwa tayari, inang’aa. Tuliifunga jioni ile ile, na sauti ya cherehani ikarudi nyumbani kama hapo zamani. Nilipokuwa nikimlipa, mzee alinipa na kile kikaratasi alichoandikia vipimo, kimejaa namba na mchoro mdogo wa penseli.

“Kiweke,” akasema. “Hii nayo itachakaa. Na siku hiyo mimi huenda nisiwepo.”

Nimekiweka katika bahasha moja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.